Mistari Myeusi ya Boksi

Kila Jumamosi asubuhi Rhobi hufagia duka la dawa la mama yake, Selestina, huko Buhare, Musoma, kisha hufuta vumbi kwenye rafu. Jumamosi moja alipewa kazi mpya. Mjomba wake, Nathan, alikuwa ameweka kwenye simu ya duka programu aliyoitengeneza mwenyewe, pamoja na skana, kifaa kidogo cha kusomea mistari ya boksi kinachoenea kiganjani.

"Elekeza mwanga kwenye mistari hii myeusi," mama alimwambia. "Simu itakuonyesha jina la dawa na rafu yake. Nawe usome boksi, uone kama majina yanalingana."

Rhobi alibonyeza. Tii! Tarakimu kumi na tatu zikajipanga kwenye kisanduku cha kuandikia kabla hajapepesa jicho, na hakuna kidole kilichogusa simu! Mwili ulimsisimka. Akachukua boksi jingine, na jingine. Punde akaacha kusoma majina. Chombo cha ajabu namna hii kingekoseaje?

Alipofika kwenye boksi la mwisho, simu iliandika: "Vidonge vya watoto." Macho yake yakaangukia maandishi ya boksi: "Vidonge vya watu wazima." Maboksi tisa kama hilo alikuwa ameshayapanga kwenye rafu ya watoto.

Wakati huo Mama Yunis, mteja kutoka Mugango, alikuwa amesimama dirishani, amembeba mgongoni mtoto mwenye homa. Selestina alisoma cheti cha daktari, akanyoosha mkono kwenye rafu ileile.

Rhobi alijua: akisema, atanyang'anywa skana.

"Mama, usitoe hiyo! Nimepanga bila kusoma."

Selestina aligeuza boksi, akalisoma. Kisha akatafuta dawa sahihi na kumweleza Mama Yunis yaliyotokea.

"Asante, binti yangu," Mama Yunis alisema. "Mimi nilikuwaga napokea tu, siangalii."

Mchana Nathan alikuja, akajaribu skana mara kadhaa, akashika kichwa.

"Skana ni kama mtu anayeandika kwa kasi sana, Rhobi. Huandika tarakimu mojamoja, mwisho hubonyeza kitufe cha kumaliza. Programu yangu haikusubiri mwisho. Iliona tarakimu za mwanzo, ambazo kampuni moja huziweka kwenye maboksi yake yote, ikachukua dawa ya kwanza iliyofanana. Hilo ni kosa langu."

Rhobi aliitazama skana upya. Kumbe ndani ya mlio mmoja kulikuwa na hatua zote hizo!

Nathan alirekebisha programu. Wakapitia upya maboksi yote, Rhobi akisoma kila jina kwa sauti.

"Kustaajabia mashine si kosa, mwanangu," Selestina alisema. "Kosa ni kuikabidhi macho yako. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, kabla kosa halijafika kinywani mwa mtoto."