Kicheko Kwenye Jeneza la Chifu Akpu

Jioni ile Uzoamaka alitoka kununua pilipili na samaki mkavu wa supu, akarudi na baba yake ndani ya kikapu.

Ndiyo, baba yake. Ejike alikuwa anafunga duka lake la sinema kwa sababu siku hizi watu wote wa Nnewi wanatazama kwenye simu, na diski za zamani alikuwa amezimwaga mlangoni kama takataka. Uzoamaka aliutambua ule uso kwenye jalada, maana nyumbani kwao kulikuwa na picha yake moja tu.

"Chukua bure, dada," Ejike alisema. "Inavunja mbavu hiyo. Ila kila aliyeinunua aliirudisha."

"Ina kasoro?"

"Haina."

Akateremsha mlango wa bati haraka, hata kuaga hakuaga.

Baba alikufa Uzoamaka akiwa mdogo sana. Alikufaje? Mama hakuwahi kusema. Ukimuuliza, anaanza kufagia. Basi siku hiyo, mama akiwa kanisani, binti akaiweka ile diski. Alitaka walau aisikie sauti ya mzazi wake.

Na alikuwa na sauti! Nzito, yenye dharau tamu. Aliigiza Chifu Akpu, mlafi wa kijiji, anayejifanya amekufa ili asikie nani atamlilia. Anaingia kwenye jeneza huku anatafuna paja la mbuzi. Wake zake wanajipaka pilipili machoni ili walie. Uzoamaka alicheka peke yake sebuleni, akafurahi kama mtu aliyepata jamaa.

Kisha katoto ka kike kakachomoka kwenye umati, kakalirukia jeneza.

"Baba! Baba, toka!"

Makamasi yalimfika kidevuni. Kijiji kizima kikaangua kicheko. Mwanamke mmoja alimvuta mguu, naye anacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Uzoamaka alishika tumbo. Machozi yalimtoka kwa kucheka.

Yule mwanamke akainua uso.

Alikuwa mama yake.

Na yule mtoto...

Ko. Ko. Ko.

Mtu alikuwa anagonga ndani ya jeneza. Umati ukazidi kucheka. Akagonga kwa nguvu. Akagonga kwa pupa. Kisha polepole... "Msikate, msikate," sauti ilinong'ona nyuma ya kamera. Kugonga kukaisha, na watu bado walikuwa wanacheka.

Mlango ulifunguliwa. Mama alisimama pale, akaiona runinga, Biblia ikamponyoka.

"Uzo. Umecheka?"

"Mama, anagonga kweli yule..."

"Nimekuuliza, umecheka?"

"Nimecheka. Sikujua."

Mama akajishika kichwa. "Tulidhani anaigiza," alinong'ona. "Jeneza tuliliazima. Lilikuwa la marehemu ambaye alikuwa bado hajazikwa. Tukasema litarudi kabla ya mazishi yake, nani atajua? Kifuniko kilikataa kufunguka. Tulipolivunja..." Akainama kuiokota Biblia. "Wenye filamu wakaiuza hivyohivyo, kwa sababu inachekesha. Na kila ikichezwa, baba yako huja kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Umeme ukakatika. Hilo halikumshtua mtu, hukatika kila jioni. Lakini sebuleni mlinuka mbao mbichi na udongo uliochimbuliwa.

Ko. Ko. Ko.

Chini ya sakafu. Katikati yao.

"Nani alicheka?" sauti nzito iliuliza.

Uzoamaka alinyoosha mkono gizani akimtafuta mama. Akaupata mkono wake, wa baridi, wenye jasho. Mama aliubana kwa nguvu, na kwa muda mfupi Uzoamaka alijiona salama.

Kisha mama akamvuta, akamsukuma mbele.

"Huyu hapa," alisema. "Mimi nililia, mume wangu. Aliyecheka ni huyu."