Mwombaji Mmoja, Mwanamke

"Hebu taja tena hicho kiasi," nilimwambia Kidoti kwenye simu. "Polepole."

Akataja. Nikalikalia bomba nililokuwa nimetoka kulichomelea, bado la moto, na sikusikia kuungua mpaka baadaye.

Kidoti na mimi tulisomea ufundi darasa moja, tukafanya mtihani siku moja, na kampuni moja ikatuajiri wiki moja. Yeye akapelekwa tawi la kaskazini, mimi nikabaki tawi la nyumbani. Kazi ni ile ile, kuchomelea matangi ya mafuta. Miezi minane tumepiga umbea wa kila aina, ila mshahara hatukuwahi kutajiana, maana mkataba unakataza. Siku hiyo akaniambia atanichangia harusi kwa nusu ya mshahara wake wa mwezi, na kiasi alichokitaja ndio mshahara wangu mzima.

"Cheche," alisema kwa sauti ya chini, "ina maana wewe wanakulipa hiyo tu?"

"Labda huko kodi ni kubwa."

"Kodi ipi? Nyumba wametupa wao."

Nikakata simu. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili, na mchumba wangu ndiye karani wa ajira wa tawi letu. Watu wanamwita Mpole, na kweli ni mpole, hata mende anamtoa nje kwa karatasi. Nikajipa moyo kwamba hajui, angejua angeniambia. Nikamwandikia ujumbe:

"Mpenzi, kumbe wachomeleaji wa kaskazini wanaanza na mara mbili yetu? Ulikuwa unajua?"

Akausoma papo hapo. Akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena. Mwisho likaja jibu: "Tutaongea jioni. Usimuulize mtu mwingine."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyanyua. Nilivua glovu nikaenda ofisini na ovaroli langu lenye matundu.

Mkuu wa utumishi ni mama mtu mzima, hana makuu. Alinieleza vizuri tu kwamba kila tawi linapendekeza mshahara wake wa kuanzia, kwa sababu maisha hayapandi sawa kila mahali. Fundi bomba wa huku na wa kule wanatofautiana, fundi umeme vilevile, ila ni tofauti ndogo. Nikamuuliza mbona sisi tumekatwa nusu nzima.

"Lakini nyinyi mlikubali wenyewe," alisema.

"Tulikubali lini?"

Akanishangaa. Akafungua faili, akaligeuza upande wangu. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma neno, maana kadi zangu zote za mapenzi zimeandikwa kwa mwandiko huo.

"Wachomeleaji wa eneo hili wako tayari kuanza na nusu ya kiwango cha kaskazini. Mwombaji mmoja, mwanamke, mwenye alama za juu kuliko wote, amethibitisha kwa kinywa chake."

Karakana yetu ina wachomeleaji kumi na wawili, wote wa ajira ile ile. Mwanamke ni mimi peke yangu.

Niliikumbuka ile Jumapili kibarazani kwa shangazi, nimemlalia Mpole begani, akaniuliza nikipata kazi nitataka mshahara gani. Nikamwambia nikiwa na mashine yangu na wewe uko karibu, hata nusu naridhika. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso. Jamani, yale yalikuwa maneno ya mahaba. Nani anachukua maneno ya mahaba anayatia kwenye faili?

Mpole akaingia, anahema. Aliona faili, akasimama palepale mlangoni.

"Nilitaka ubaki," alisema. "Wapya wote mlikuwa mnapelekwa kaskazini. Bajeti ya huku ilitosha mafundi sita tu, wazoefu. Nikaona kiwango kikishuka nusu, zitapatikana nafasi kumi na mbili."

"Na moja iwe yangu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Mzee Koleo wa karakana yetu na watoto wake watano wanaishi kwa nusu mshahara ili wewe unione kila jioni?"

Akatazama viatu vyake.

"Ungeniuliza, Mpole."

"Ningekuuliza, ungekwenda."

"Nisingekwenda," nilimwambia. "Ningewakatalia kazi yao, nikachomelea mageti mtaani, nikawa mkeo. Ungeniuliza tu."

Aliinua uso taratibu. Nadhani hilo halikuwahi kumpitia akilini. Machozi yakamtoka, na mimi, mjinga, nikatamani kumfuta.

Yule mama akakohoa kidogo. Akasema kauli ile ya kwenye faili nikiikana kwa maandishi, kiwango cha mafundi wote lazima kiangaliwe upya, na aliyeiandika atahojiwa. Akasukuma karatasi na kalamu mezani.

"Watanifukuza," alisema Mpole. "Cheche, subiri harusi ipite. Wiki mbili tu."

Shangazi alikuwa ameshalipia ukumbi. Gauni lilikuwa limetundikwa kabatini. Na nilikuwa nampenda, sitaki kudanganya mtu. Nikaandika mistari mitatu, nikatia sahihi.

"Na harusi?" aliuliza.

"Wewe si karani wa ajira? Tangaza nafasi."

Nilirudi karakana nikawaomba wazime mashine. Niliwaeleza yote, na kwamba yule mwanamke wa kwenye faili ni mimi, mdomo wangu ndio uliowakata nusu. Nilitegemea matusi. Wengine walikuwa bado wameshika ngao zao za uso. Mzee Koleo akaniuliza kitu kimoja tu.

"Binti yangu, ulikuwa unampenda kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akanivutia kiti, akaniambia nilie kwanza, kazi haikimbii. Nikalia mbele ya wanaume kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewasha mashine mpaka nilipomaliza.