Majina Matatu Nyumbani kwa Shangazi Opal

Haya yalimpata rafiki yangu Leota Ketcher, Mcherokee mwenzangu wa hapa mjini Tahlequah, mtu asiyeogopa hata radi. Alikuwa akifuatilia ukoo wake ili mwanawe aandikishwe katika kabila. Jioni moja ya mvua alimpelekea shangazi yake, Opal, nakala ya orodha ya zamani ya Wacherokee iliyoandikwa na maofisa wa serikali.

"Bibi yetu aligoma kuandikishwa," shangazi alisema. "Maofisa walipobisha hodi, aliwaingiza wanawe chini ya sakafu hii hii ya mbao, akawakumbatia wasitoe sauti. Jirani ndiye aliyewataja. Alitaja watoto watatu, lakini sisi tumewajua wawili tu. Basi usiwaite humu ndani, mwanangu."

"Na wewe shangazi! Miaka yote hiyo, bado wamejificha tu?"

Umeme ukakatika. Leota akawasha tochi ya simu, akaimulika ile orodha, akajikohoza kama ofisa, akaita kwa mzaha, "Nancy! Ned!"

Mbao zikalia chini ya miguu yao.

"Nyamaza, we mtoto!" shangazi alinong'ona.

Lakini jina la tatu lilikuwa limeshamtoka mdomoni. "Watt!"

Chini ya sakafu mtoto akaanza kuitika, na mara sauti ikazibwa, kama kwa kiganja. Kisha visigino vidogo vikapigapiga mbao, kwa nguvu, halafu polepole, halafu kimya.