Abiria wa Nyuma

Aliyetusimulia kwanza ni shangazi, mke wa fundi pikipiki, asubuhi tuliyofungasha vyombo vya gereji, miaka miwili baada ya kumzika mumewe. Alisimulia mara moja tu, huku akiviringisha spana kwenye matambara.

Alianza na vikanyagio vya abiria. Fundi akiendesha peke yake alivikunja, bila kukosa. Lakini kwenye kituo cha kwanza cha ukaguzi katika safari ile, vilikuwa vimekunjuliwa.

Binti yao wa miaka tisa alikuwa amelazwa wodi ya watoto, mapafu yamechoka. Wodi ilikuwa na mashine moja ya kupumulia, watoto wakipokezana. Fundi akajitolea kuendesha kilomita elfu mbili kwa siku tatu, peke yake, amalizie kwenye lango la hospitali, ili wafadhili wanunue ya pili. Akikatisha, hawatoi kitu.

Zamani alikuwa akibeba abiria, na hata alipokuwa fundi, injini iliyogoma ikiwaka, ulimi wake ulisema wenyewe, "Panda, twende." Wateja walimcheka. Mchana wa siku ya kwanza pikipiki ilizimika kando ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Akasafisha plagi, akapiga kiki, ikawaka. Akasema, "Panda, twende." Hapakuwa na mtu.

Kituoni, mwandishi wa majina aliyewekwa na wafadhili alimkazia macho. "Fundi, kanuni zinasema peke yako. Yule mama umemshusha wapi?"

"Mama gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimewaona mnashuka kilima, kakukumbatia, nikasema huyu hisani kaigeuza fungate."

Siku ya pili fundi alimpigia mkewe simu, akinong'ona.

"Kuna mtu nyuma yangu."

"Mshushe."

"Nikisimama hayupo. Nikiondoka, shokapu inazama. Ananuka majivu yaliyomwagiwa maji."

Shangazi alikwenda kwa tabibu wa majini. Mzee yule aliuliza swali moja: nani alimwambia apande? Alipojibiwa kwamba ni fundi mwenyewe, kwa mazoea yake, aliinamisha kichwa. "Mwenye kukaribishwa hashuki njiani, mwanangu. Atashuka mwisho wa safari. Mwambie mumeo asifike. Pikipiki aitupe porini, arudi kwa miguu."

Shangazi alimfikishia fundi maneno hayo kwa simu.

"Nikiitupa, mtoto atapumulia nini?"

"Na ukimleta huyo?"

"Pengine mzee amekosea."

Siku ya tatu aliendesha bila kula, mikono isiyoonekana imemzunguka kiunoni, mwanzoni kwa wepesi kama ya mtu anayeogopa kuanguka, kisha ikakaza kila alipolikaribia jiji, na pumzi ya baridi ikampanda shingoni, taratibu, pumzi ya mtu aliyetulia anayejua anakopelekwa, mpaka alipoyaona mabango na watu wanaopiga makofi langoni na akatamani breki zimkatalie, lakini alikuwa amezitengeneza mwenyewe, na zilishika vizuri.

Alisimama. Sehemu ya nyuma ya pikipiki ikainuka polepole. Katikati ya makofi alisikia nyayo tupu zikipita kwenye vigae, kuelekea wodini.

Akakimbia. Binti alikuwa macho kwenye kitanda cha dirishani.

"Baba, mwambie yule mama uliyekuja naye asinikalie kifuani."

Binti alizikwa siku ya nne. Mashine ilifika siku ya tisa, ikapigwa picha, fundi amewekwa katikati. Tangu hapo hakuwasha injini ya mtu bila kuziba mdomo kwa kiganja.

Mwezi uliopita nilikwenda wodini kuiona mashine. Bado inafanya kazi. Nesi, ambaye hakuna aliyemsimulia haya, alilalamika kwamba watoto wanakikataa kitanda cha dirishani. Wanasema kina mwenyewe, na ananuka majivu.

Fundi amefariki, na binti yake. Tabibu naye amefariki. Shangazi yu hai, na mwandishi wa kituo yu hai. Huyo mwingine hajaondoka wodini.