Pikipiki ya Kipimo cha Hamida

Siku hizo pikipiki zilikuwa chache Shianda. Ukisikia moja ikinguruma, ulijua ni afisa wa miwa au padri. Watoto walikimbilia barabarani kuitazama. Sisi wengine tulikwenda kwa baiskeli au kwa miguu, na hatukulalamika. Upepo ukitoka upande wa Mumias, ulileta harufu ya sukari mpaka jikoni. Nikizikumbuka siku zile, moyo wangu unalainika.

Mimi naitwa Asiya. Niliolewa na Anwar, mwana wa Mzee Mahmoud. Katika nyumba hiyo nilimkuta wifi yangu Hamida. Mawifi wengi huanza kwa kununiana. Hamida alianza kwa kunicheka.

"Gauni hili ulipimwa wewe, au alipimwa jirani?" aliniuliza siku ya kwanza.

Akalifumua, akanipima, akalishona upya. Tangu siku hiyo nikampenda.

Hamida aliugua polio alipokuwa mtoto mdogo. Miguu yake ilikosa nguvu, akawa anatembea kwa magongo. Lakini mikono yake! Ukisalimiana naye ulijua umesalimiwa. Alikuwa fundi wa nguo sokoni Shianda. Alishona sare za shule na kanzu kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Kila asubuhi Anwar alimbeba kwa baiskeli hadi kibandani. Kila jioni alikwenda kumchukua.

Kisha Anwar akapata kazi Lugari, ya kuendesha trekta katika shamba la mahindi. Angekuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Sote tulifurahi. Halafu tukamtazama Hamida, furaha ikapungua.

"Cherehani itarudi nyumbani," alisema Mzee Mahmoud, ambaye nami nilimwita Baba. "Utashonea hapa barazani."

"Baba, wateja wako sokoni. Nani atapita matope ya njia ya miwa kuja kushonewa kifungo?"

"Anayekutaka atakuja."

"Hatakuja, Baba. Nikifunga kibanda, nitarudi kuwa mtu wa kukaa mkekani na kungoja chakula."

Baba aliinuka akatoka. Alimpenda sana binti yake. Ndiyo maana aliogopa.

Nyuma ya ghala kulikuwa na pikipiki kuukuu. Baba aliinunua kwa afisa mmoja wa miwa aliyepewa uhamisho. Ilikuwa ya aina isiyo na klachi ya mkono. Gia zake zilibadilishwa kwa mguu wa kushoto, na breki ya nyuma ilikanyagwa kwa mguu wa kulia. Anwar aliitazama siku moja, akaitazama tena kesho yake.

"Tuitie magurudumu mawili nyuma," alimwambia Baba. "Gia tuziweke mkononi. Hamida ataendesha mwenyewe."

Baba alikubali shingo upande. Wakaipeleka kwa Joash, fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni. Anwar alitaka kumshangaza dada yake, kwa hiyo Hamida hakuambiwa lolote. Mimi niliambiwa. Kuitunza siri hiyo kuliniwasha kama upupu.

Joash alijua kazi. Alitoa gurudumu la nyuma, akaweka ekseli ndefu yenye magurudumu mawili. Alichomelea fimbo ya chuma ya kubadilishia gia. Breki ya nyuma akaileta kwenye usukani. Jumamosi tuliipeleka pikipiki uwanja wa shule. Nusu ya soko ilitufuata.

Hamida alipoiona alishika mdomo. Machozi yalimtoka. Anwar alimwinua, akamkalisha.

"Kiti hiki kiko juu," Hamida alisema. "Na hiyo fimbo iko mbali."

"Utazoea," Anwar alimjibu.

Pikipiki ikaondoka. Watu wakashangilia. Hamida alikwenda vizuri hadi katikati ya uwanja. Hapo alitaka kubadilisha gia. Aliinama mbele kuifuata fimbo, mkono haukufika. Akainama zaidi. Kiwiliwili kikateleza, mguu mmoja ukaanguka juu ya bomba la moshi. Pikipiki ikaingia kwenye ua wa miti wa shule, ikazimika.

Tulimkuta akiuvuta mguu wake kwa mikono. Ngozi ilikuwa imeungua. Mama mmoja alifika mbio na mafuta ya kupikia.

"Sitaki mafuta!" Hamida alifoka. "Mimi ni ingokho, kuku wa kukaangwa? Nileteeni maji!"

Hata akiwa na maumivu aliweza kutuchekesha. Baba hakucheka.

"Imetosha," alisema. "Anwar akiondoka, cherehani inarudi nyumbani. Sitaki kusikia habari ya pikipiki tena."

Keshokutwa yake nilimpeleka Hamida kituo cha afya. Siku hiyo alikuwepo Alice Awinja, mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuwa akija kila wiki kutoka mjini Kakamega kuwaona watu wenye ulemavu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwaya. Sisi tulimwita daktari, na yeye alichoka kutusahihisha.

"Nani aliyekwambia utie maji?" aliuliza akikitazama kidonda.

"Nilitaka tu baridi."

"Ulifanya vizuri. Mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa muda mrefu. Mafuta huzuia joto lisitoke. Sasa niambieni, mguu ulifikaje kwenye bomba?"

Tukamweleza yote. Awinja alisikiliza mpaka mwisho.

"Polio huchukua nguvu ya mguu," alisema. "Haichukui hisia. Hamida alisikia moto, lakini mguu haukuweza kukwepa. Kwa hiyo bomba lazima lifunikwe, na miguu ipate mahali pa kukaa."

"Anwar alisema tutaifunga kwa mpira," nikasema.

"Msimfunge kamwe! Pikipiki ikipinduka itamburuta. Miguu iwekewe sanduku lenye kingo, isitoke yenyewe, lakini yeye aweze kuitoa." Kisha akauliza, "Fundi alipoweka kiti na fimbo, nani alikuwa amekaa juu ya pikipiki?"

"Mume wangu," nilijibu.

Hamida alinigeukia. Macho yalimtoka.

"Wifi! Watu hawa wameshona suruali ya Anwar, wakanivika mimi!"

Awinja alicheka hadi mgonjwa wa chumba cha pili akakohoa. Hamida hakucheka. Alikuwa ameshika magongo tayari.

"Twende kwa Joash," alisema. "Mimi sijawahi kumkatia mtu kitambaa bila kumpima. Kwa nini mimi nikatiwe chuma bila kupimwa?"

Awinja alifuatana nasi. Joash alipotuona alitaka kujificha nyuma ya mlango. Kuungua kwa Hamida kulikuwa kumemnyima usingizi.

"Mulembe, fundi," Awinja alimsalimia. "Kwa nini hukumpima mwenyewe?"

"Daktari, mimi napimanga chuma," Joash alisema huku akiangalia chini. "Huyu ni binti ya Mzee Mahmoud. Nitamshika kiuno aje? Watu watasema nini? Nikaona heri nipime kaka yake."

Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuunguza wifi yangu. Hata Hamida aliona huruma.

"Fundi, tepu ninayo," alisema. "Na wifi ninaye. Wewe geuka tu, uandike."

Basi nikampima Hamida. Yeye alinielekeza kama mwanafunzi wake. "Anzia hapa nyongani. Usilegeze tepu, Asiya, hii si sketi." Nilipima nyonga hadi goti, goti hadi kisigino. Nilipima mkono wake akiwa ameegemeza mgongo, maana Awinja alisema fimbo lazima ifikiwe bila mgongo kuacha egemeo. Joash alitazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, akaandika kila kipimo kwa chaki.

Tukiwa katikati ya kazi, kivuli kilizuia mlango. Alikuwa Baba.

"Asalaam aleikum," alisema kwa sauti kavu.

"Waaleikum salaam, Baba," tulijibu mimi na Hamida. Tepu ilinianguka.

"Nilisema nini kuhusu pikipiki?"

Awinja alimvutia kiti, lakini Baba hakukaa.

"Mzee," Awinja alisema kwa upole, "ilijengwa kwa mwili wa Anwar. Sasa inajengwa kwa mwili wa Hamida."

"Na akianguka tena?"

"Anaweza kuanguka. Anwar hakuwahi kuanguka na baiskeli?"

"Alianguka mara nyingi. Jino moja aliliacha kwenye daraja la mto."

"Ulimnyang'anya baiskeli?"

Baba alimtazama Hamida. Hamida naye alimtazama, kidevu juu.

"Baba, niache nianguke kama wengine," alisema. "Nikishindwa mimi mwenyewe, nitaifunga kazi mimi mwenyewe."

Baba alikaa. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Endeleeni," alisema. "Lakini hicho kiti mkipige bolti mbili zaidi."

Joash alianza upya. Alishusha kiti ili Hamida aweze kupanda mwenyewe kwa mikono, bila kuinuliwa. Aliweka egemeo la mgongo. Fimbo ya gia ikaja karibu na paja la kushoto. Akisukuma, gia inapanda, akivuta, inashuka. Bomba la moshi lilivikwa bati lenye matundu. Ubavuni yaliwekwa mabomba mawili ya kutia magongo, maana ukifika bila magongo yako utashukaje? Na kwenye breki Joash alifunga kitanzi cha mpira wa tyubu. Hamida akikivuta, breki inajishika, pikipiki haitembei wakati anapanda au anashuka.

Hamida naye alijishonea. Alikunja buibui refu akaliweka kabatini.

"Nguo ndefu na cheni si marafiki," alisema. Akashona suruali pana na kanzu fupi ya heshima. Chini ya kofia ngumu alivaa kitambaa chepesi, bila fundo nyuma ya kichwa.

Alijifunza taratibu uwanjani, Anwar akitembea kando yake jioni baada ya jioni. Magurudumu matatu yana tabia yake. Pikipiki ya kawaida hulala kwenye kona, hii hailali. Ukiingia kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka. Kwa hiyo Hamida alizoea kushika breki kabla ya kona, na kuinamisha mwili upande wa ndani. Alizoea pia kukwepa mifereji iliyochimbwa na matrekta ya miwa. Alipokuwa tayari, tulikwenda naye mjini. Pikipiki ikakaguliwa. Yeye akafanya mtihani, akapata leseni.

Anwar akaenda Lugari. Jumatatu iliyofuata Hamida alijitoa mwenyewe uani. Nilisimama na Baba tukamsikiliza hadi mlio ukamezwa na miwa. Saa zake za kurudi zilipofika alirudi, na kesho yake vilevile. Sare zikashonwa, kibanda kikabaki wazi. Baba akaanza kulala vizuri.

Kisha ikafika Alhamisi moja ambayo hakurudi.

Jua lilishuka. Nilisonga obusuma, ugali wetu, ukapoa. Baba alitoka barabarani, akarudi, akatoka tena. "Nilijua," alikuwa akisema. "Nilijua mimi." Alikuwa tayari kuazima baiskeli ya jirani amtafute mitaroni. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha tuliposikia mlio. Taa moja ikachomoza kwenye njia ya miwa.

Hamida alivuta kitanzi cha breki, akavua kofia.

"Ulikuwa wapi?" Baba alipaza sauti. Sikuwahi kumsikia akimfokea hivyo.

"Kwa Nabwire, Baba. Yule jirani yangu wa kibanda, anayeuza ndizi. Alinikaribisha chai. Miaka yote tumekaa pamoja sokoni, sikuwahi kuona mlango wa nyumba yake. Maongezi yakanoga, nikachelewa."

Baba alifungua mdomo kumgombeza. Kisha akaufunga. Niliona uso wake ukibadilika, nami nikaelewa alichokielewa. Tangu azaliwe, Hamida hakuwahi kuchelewa. Alipelekwa, akachukuliwa. Hakuwa na njia ya kuchelewa.

"Hiyo chai ilikuwa na maziwa?" Baba aliuliza.

"Mengi, Baba."

"Alhamdulillahi," Baba alisema, akapangusa macho kwa mkono wa kanzu. "Siku nyingine chelewa tena. Lakini utuage."