Anga la Avtandil Halijakauka

"Usisogee, Lamara. Rangi mbichi."

"Sijasogea. Nimekuja kuaga," Lamara akajibu akiwa mlangoni.

Avtandil alikuwa katikati ya turubai, soksi miguuni, ufagio wa rangi mkononi. Yeye ndiye mbunifu wa mandhari ya jukwaa la maigizo hapa kwetu Kutaisi, Georgia, na mandhari makubwa hupakwa yakiwa yametandazwa sakafuni. Kila mpaka rangi anajua: anzia mbali, malizia mlangoni. Siku ile uchovu ulimzidi, akajizungushia anga la buluu pande zote. Mimi nilikuwa pembeni nashona pindo la pazia. Sikuinua macho, masikio nikayaacha kazini.

"Kuaga, unakwenda wapi?"

"Italia. Nimepata bibi kizee wa kumtunza. Basi linaondoka saa kumi."

"Hukuniambia."

"Ujumbe niliokuandikia si huo hapo kwenye simu yako? Ukajibu, 'Ngoja onyesho lipite.' Likapita hilo, likaja jingine. Nimechoka kuolewa na turubai, Avto."

"Onyesho ni kesho. Anga hili likikauka tu nakuja, tukae tuongee."

"Kila siku kuna kitu kinakauka kati yetu."

Akanyanyua begi lake. Hakulia. Machozi yenyewe yalishachoka.

Simu ya Avtandil ikaita. Alikuwa Merab, mwongozaji wa mchezo.

"Avto, anga langu limekauka?"

"Bado. Na litakuwa na nyayo."

"Nyayo za nani?"

"Zangu."

Akakata. Akautua ufagio, akaanza kuvuka. Soksi zikanata, zikabandua mawingu aliyoyahangaikia wiki nzima, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni.

"Umeliharibu," Lamara akasema taratibu.

"Nimeliharibu. Hilo nitalipaka upya. Wewe siwezi kukupaka upya. Usiende."

Lamara akamtazama: mashavu yameingia ndani, buluu mpaka kwenye nyusi. Akashusha pumzi.

"Umekula lini wewe mwanaume?"

"Sikumbuki."

Akakalia ndoo ya rangi iliyofunikwa, akafungua begi, akatoa mkate wa jibini aliouviringisha kwenye kitambaa safi. Akamega, akanipa na mimi kipande, kingine akamnyooshea mumewe.

"Huo si wa safari?"

"Safari ipi? Kula."