Mtaa wa Matofali Yaliyopinda

Jumamosi asubuhi, bombani kumejaa. Kijana mgeni, shati jeupe limenyooshwa pasi hata linameremeta, alikuwa ameshika ndoo kwa vidole viwili.

"Kaka, ndoo haing'ati!" msusi mmoja mwenye gauni la njano alimtania. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Alikuwa karani wa mapokezi kwenye hoteli moja mjini, amehamia mtaani hapo karibuni. Jioni wakawa wanazunguka vichochoroni, msusi akimwonyesha nyumba ambazo kuta zake hazifanani rangi.

"Hapa palikuwa na tanuri la matofali, laazizi. Lilipofungwa, vibarua hawakuwa na pa kwenda. Wakaokota yaliyoungua na yaliyopinda, wakajijengea. Ule ukuta ni wa babu yangu."

"Mbona umelala upande?"

"Umelala hivyo tangu mama hajazaliwa. Tumezoeana nao."

Siku moja saluni, msusi akiwa anamsuka mteja, simu ya kijana aliyekaa pembeni ikaita. Akatoka nje, akasimama dirishani.

"Shikamoo, mama... Nakaa mjini, karibu na kazini... Kule kwenye matofali? Mimi nikakae na wahuni? Hapana, mama, sina mtu."

Kitana kilimponyoka msusi. Kijana aliporudi ndani alikuta macho mawili yanamsubiri.

"Huna mtu?"

"Mpenzi, mama yangu ni mkali..."

"Basi huna. Toka, nina kazi."

Kijana alipiga simu, haikupokewa. Msusi alilala kwa bibi yake, uso ukutani. Na mtaa ule hauna siri: bombani hakuna aliyemjibu kijana salamu.

Jumapili moja akatokea saluni, nyuma yake mwanamke aliyeshika pindo la gauni lisiguse tope.

"Mama, nilikudanganya," alisema kwa sauti ya kusikika na majirani. "Ninakaa hapa. Na huyu ndiye ninayetaka kumwoa, akinikubali."

Mama akatazama mtaro, akatazama kuta. "Huku?" akasema.

Msusi akamvutia kiti. "Shikamoo, mama. Karibu ukae."

Mama hakukaa. Aligeuka akaondoka.

Kijana akamgeukia msusi. "Utanijibu?"

"Kwanza msindikize mama yako hadi kituoni, njia haijui. Halafu ukaongee na bibi yangu." Msusi alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Hasira bado ninazo. Lakini rudi."